Aliye Juu na Wajibu wa Kushuka

Wahenga walituachia methali isemayo "aliye juu mngoje chini". Wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto, na shuleni tukafundishwa kwamba ni onyo kwa wenye majivuno: cheo hakidumu, mali haidumu, ipo siku aliye juu atateremka na mtakutana naye hapo hapo mlipo. Vijana wa siku hizi wameigeuza. Wao husema "aliye juu mfuate huko huko", yaani usikae ukingoja, panda na wewe. Katika makala haya tunapenda kuuliza swali ambalo methali zote mbili zimeliruka. Kati ya aliye juu na aliye chini, nani hasa mwenye wajibu wa kumwendea mwenzake? Ni anayengoja, au ni anayengojwa?

Swali hili halikutujia tukiwa tumekaa na kitabu. Lilitujia tukitembea. Kwa miaka kadhaa sasa, baadhi yetu tunaozungumza Kiswahili hapa Brussels, Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Kivu na wa Katanga, na ndugu wawili watatu kutoka Burundi, tumejijengea desturi ya kutembea pamoja Jumapili moja moja, hali ya hewa inaporuhusu. Hatuna chama wala kadi ya uanachama. Tunakutana penye kituo cha metro cha Porte de Namur, tunazunguka mji na kurudi pale pale tulipoanzia. Ni mwendo wa kilomita tano hivi, lakini kwa kuwa kila kona ina mtu wa kusimama na kusimulia, huchukua nusu siku.

Mtu aliyezoea Usambara, au vilima vya Bukavu, atacheka akisikia kwamba Brussels ina mlima. Tofauti kati ya bonde la mto Senne na ukingo wa mji wa juu ni kama mita arobaini tu. Hata hivyo mita hizo zimewagawa watu kwa karne nyingi. Juu walikaa wafalme, mabwana na mahakimu. Chini walikaa mafundi, wachuuzi na vibarua. Wenyeji wenyewe mpaka leo husema mji wa juu na mji wa chini, na hawamaanishi jiografia peke yake. Ndugu yetu mmoja wa Mwanza hupenda kutukumbusha kwamba kwao mambo ni kinyume: wenye uwezo mdogo ndio waliojenga kwenye miamba ya vilima, wanapanda na ndoo za maji kichwani, na ndio wanaoliona ziwa vizuri kuliko wenye nyumba kubwa za chini. Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Tunaposema "juu" hapa, hatuna maana ya kimo cha ardhi. Tuna maana ya mahali ambapo mtu anaamua mambo ya mwenzake.

Safari yetu huanzia Matongé, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ambako tunanunua unga, mihogo na samaki wakavu. Hatua chache kutoka hapo pana uwanja mdogo ulioitwa kwa jina la Patrice Lumumba tangu tarehe 30 Juni 2018, miaka 58 kamili baada ya uhuru wa Kongo. Tukitoka hapo, kwa mwendo wa dakika chache tu, tunafika Place du Trône, na hapo yupo Mfalme Léopold wa Pili juu ya farasi. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1926. Maandishi yaliyopo hapo yanaeleza kwamba shaba na bati iliyotumika vilitoka Kongo, na kwamba vilitolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Tuna mzee wetu mmoja wa Lubumbashi ambaye baba yake alifanya kazi migodini. Kila tukifika pale huisoma sentensi hiyo kwa sauti, halafu anauliza: "Bure kwa nani?" Hatujapata kumjibu.

Léopold aliimiliki Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, nchi yenye ukubwa wa zaidi ya mara sabini ya Ubelgiji. Katika miaka yote hiyo hakuikanyaga hata siku moja. Aliijua kwa ramani, kwa barua na kwa hesabu za mpira na pembe za ndovu zilizoshushwa bandarini Antwerp. Mikono iliyokatwa haikuandikwa katika hesabu hizo. Hatusemi kwamba angekwenda angekuwa mwema, maana maofisa wake walikwenda na ndio waliotenda. Tunasema tu kwamba huyu ni mfano wa mtu aliyetawala kutoka juu bila kushuka kabisa, na hata leo, katika sanamu yake, bado hajashuka.

Kutoka hapo tunapita mbele ya Kasri la Mfalme, tunafika Place Royale, na mara ardhi inainama. Tumefika Mont des Arts. Msomaji aliyewahi kusimama juu ya ngazi zile wakati wa machweo anajua tunachokisema. Chini yako kuna bustani, mbele yako mnara wa Hôtel de Ville wenye urefu wa mita 96, uliokamilika karne ya 15, na kwa mbali, upande wa pili wa bonde, kuba la kijani la kanisa la Koekelberg. Mji mzima unaonekana umetulia. Huoni foleni, husikii ugomvi, humwoni anayelala kituo cha treni. Ni raha, na hatuoni sababu ya kuikana raha hiyo. Binadamu ameumbwa akapenda kuona mbali.

Wala si raha tu. Sisi tunaoandika haya ni watu wa uhandisi wa maji. Shahada ya kwanza tulipata nyumbani na ya pili hapa Ubelgiji, na sasa tumeshavuka miaka hamsini. Kazi yetu haiwezekani bila kupanda juu. Aliye bondeni anaona mto mbele ya nyumba yake. Hajui mvua inanyesha wapi, wala mafuriko yatapitia wapi. Ukitaka kuwapelekea maji watu elfu ishirini, lazima upande mahali utakapowaona wote kwa pamoja. Tunayasema haya mapema ili asije mtu akadhani tunapinga elimu, mipango au serikali. Kuona jambo zima ni wajibu. Swali ni nini kinafuata baada ya kuona.

Kilichotufanya tulifikirie jambo hili ni kisa kimoja cha zamani, nacho tunaomba tukisimulie bila kujipamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla hatujaja kusoma huku, tulikuwa vijana watatu katika kikosi cha upimaji wa mradi wa maji, Tanzania bara. Bomba kuu lilitakiwa litoke kwenye chanzo mlimani mpaka kwenye tangi la mji mdogo ulio tambarare. Tulipanda kilima kimoja, tukasimamisha mashine ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, tukafungua mwamvuli kuikinga na jua, tukakunjua ramani. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yetu: mahindi, miembe, mapaa ya bati, barabara ya vumbi. Kila mhandisi anajua kwamba mstari ulionyooka ndio wa bei nafuu. Kila kona ya bomba ni gharama, inapunguza nguvu ya maji, na ni mahali patakapovuja baadaye. Tukanyoosha mstari. Jua lilikuwa kali na gari letu lilikuwa upande wa pili wa kilima, kwa hiyo hatukushuka bondeni siku ile wala siku iliyofuata. Tulirudi ofisini, mstari ukapigwa wino, ramani ikatiwa sahihi.

Baada ya miezi michache watu wa fidia walipita na rangi nyekundu wakiandika alama ya X kwenye nyumba zilizo njiani. Mojawapo ilikuwa nyumba ya bibi mmoja mjane. Pembeni yake, chini ya mwembe, kulikuwa na makaburi mawili, la mumewe na la binti yake. Mwembe tuliuona kutoka kilimani; upo hata kwenye michoro yetu, duara dogo la kijani. Makaburi hatukuyaona, kwa kuwa matawi yaliyafunika. Utaratibu wote ulifuatwa. Nyumba ilifidiwa kwa viwango vilivyokuwapo, makaburi yakahamishwa kwa heshima na dua ikasomwa. Siku hiyo tulikuwapo. Tukamsogelea bibi kumsalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nyie ndio mliokuwa kule juu na mwamvuli?"

"Ndio sisi, bibi."

"Niliwaona. Nikamwambia mjukuu wangu, weka maji ya kunywa kivulini, wale watashuka."

Basi, hakusema zaidi. Hakulia wala hakutulaumu. Aligeuka akaendelea kuwaangalia waliokuwa wanachimba. Jioni ile tulikunjua ramani tena, tukapiga hesabu. Kuusogeza mstari mita tisa, kwa kona mbili ndogo, kungelikwepa mwembe, makaburi na nyumba. Gharama ya kona hizo isingefika nusu ya fidia iliyolipwa. Wino ulikuwa umeshakauka na mabomba yameshaagizwa. Maji yalifika mjini, wengi walinufaika, na bibi naye alichota. Hatuwezi kusema mradi ulikuwa mbaya. Tunachosema ni kwamba yule bibi aliifuata methali neno kwa neno. Alimngoja aliye juu, chini, na maji ya kunywa akamwekea. Aliye juu hakuja.

Hatukuwa wa kwanza. Wazee wetu wanaikumbuka operesheni ya vijiji ya 1973 mpaka 1976, watu walipohamishwa wakajengwe kwa mistari kandokando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie. Nia ilikuwa kuwahudumia. Msomi wa Kimarekani James C. Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu namna dola inavyoona, aliitumia operesheni hiyo kama mmoja wa mifano yake mikuu: mpango unaopendeza kwenye karatasi, lakini umeacha nje yale ambayo mkulima anayajua kuhusu udongo wake. Na si Afrika peke yake.

Tukishuka ngazi za Mont des Arts na kuvuka mji wa kale tunafika Boulevard Anspach. Siku hizi imeachiwa waenda kwa miguu. Kuna viti, watoto, wapiga gitaa. Wachache wanajua kwamba wamekaa juu ya njia ya mto. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua watu wengi katika mji huu, hasa katika vichochoro vya kando ya Senne, ambayo ilikuwa imegeuka mfereji wa maji machafu. Kuanzia 1867 hadi 1871, chini ya Meya Jules Anspach, mto ulifunikwa kwa mapango ya matofali na barabara pana zikajengwa juu yake. Baadaye mto wenyewe ulihamishiwa upande wa magharibi, na mapango yale yakatumiwa kupitisha tramu za chini ya ardhi. Kama wahandisi tunaivulia kofia kazi ile. Lakini vichochoro vile vilikuwa na wakazi, na majumba mazuri yaliyojengwa mahali pao hayakujengwa kwa ajili yao. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na dawa ilikuwa ya kweli. Waliougua, hata hivyo, hawakuwa miongoni mwa waliokaribishwa kurudi.

Tunaendelea kusini mpaka Marolles, mtaa wa watu wa chini hasa, ambako pale Place du Jeu de Balle kila siku huuzwa vitu vikuukuu: sahani zisizofanana, saa zilizosimama, wakati mwingine hata vinyago vya Kongo ambavyo hakuna anayejua vilifikaje. Ukiinua macho kutoka mtaani hapo unaona ukuta mkubwa kama mlima. Hiyo ndiyo mahakama kuu ya nchi, ambayo wenyewe wanaiita Jumba la Haki. Lilijengwa kati ya 1866 na 1883 na msanifu Joseph Poelaert, ambaye alifariki mwaka 1879 kabla ya kuliona limekamilika. Kilima kilichochaguliwa kilikuwa zamani mahali pa kunyongea watu, na ili kupata nafasi ya jengo sehemu ya Marolles ilibomolewa. Watu wa mtaa walikasirika kiasi kwamba neno "msanifu" likawa tusi katika lahaja yao. Mpaka leo mtu wa Marolles akitaka kukutukana sawasawa anaweza kukuita msanifu mpinda.

Lakini Marolles wana kisa cha pili ambacho kinatufaa zaidi. Mwaka 1969 ulikuja mpango wa kulipanua Jumba la Haki, na nyumba nyingine zingebomolewa. Safari hii wakazi walikataa. Wakiongozwa na padri wao, Jacques Van der Biest, waliandamana, wakapiga kelele, wakacheka, wakafanya sherehe barabarani, mpaka mpango ukaachwa. Tukio hilo linaitwa Vita vya Marolles, na nyumba zile zipo mpaka sasa. Tunapozipita huwa tunamkumbuka bibi wa mwembe. Kumbe mstari unaweza kusogezwa. Uliposhindikana kwetu, haikuwa kwa sababu ya sheria ya fizikia.

Kutoka Marolles unaweza kupanda kwa lifti ya vioo, isiyotozwa nauli, iliyofunguliwa mwaka 2002. Sekunde chache tu unaacha mtaa wa chini na kutokea uwanja wa Poelaert, kwenye mandhari kubwa kuliko zote katika matembezi yetu. Tunaipenda lifti ile kuliko Jumba lenyewe. Karibu miaka 120 baada ya Jumba kufunguliwa, mtu aliona aibu akaweka njia ya watu wa chini na wa juu kufikiana.

Siku isiyo na mawingu, ukiwa kwenye ukuta wa uwanja ule, unaona kwa mbali upande wa kaskazini duara zinazong'aa za Atomium, kumbukumbu ya maonyesho ya dunia ya 1958. Katika maonyesho yale kulikuwa na kijiji cha Kongo, na ndani yake Wakongo hai waliowekwa nyuma ya uzio watazamwe wakifanya kazi za mikono. Walichoka kutazamwa na kutupiwa vitu kama wanyama, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru. Hapo tunajifunza kwamba kumtazama mtu si lazima kuwe kumwona, hata kama umesogea mpaka umemfikia kwa mkono.

Hapo hapo juu, katika Jumba la Haki, tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilitoa hukumu ambayo wengi wetu tuliifuatilia. Walalamikaji walikuwa akina mama watano: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeeken na Marie-José Loshi. Walizaliwa Kongo ya kikoloni, baba Mzungu na mama Mwafrika. Kwa sababu hiyo tu, wakiwa watoto wadogo, serikali ya kikoloni iliwachukua kutoka kwa mama zao na kuwapeleka misheni ya Katende, Kasai. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni kwa yaliyowapata watoto wa aina hiyo. Mwaka 2021 mahakama ya mwanzo iliwakatalia madai yao. Hawakukata tamaa. Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba kilichotendeka ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaiamuru serikali imlipe kila mmoja euro 50,000.

Tulifurahi, na baadhi yetu tulilia. Lakini siku ya matembezi yaliyofuata tulikaa kwenye ukuta wa Poelaert tukaulizana: nani alimwendea mwenzake? Bibi hawa, wote wakiwa wamevuka miaka sabini, ndio waliopanda. Waliifuata ile methali ya vijana, "mfuate huko huko". Kwa zaidi ya nusu karne aliye juu alikuwa na anwani zao, na majalada yao yalikuwa kabatini kwake, lakini hakushuka. Haki iliyopatikana ni haki kweli, nasi hatuidharau. Hata hivyo haki inayopatikana kwa wenye nguvu za kupanda tu inawaacha wengi bondeni. Bibi wa mwembe asingepanda. Hakujua hata mlango ulipo.

Siku hiyo tuliyasema haya kwa kishindo kidogo, kama watu waliogundua jambo. Mzee wetu wa Lubumbashi akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Ndugu zangu, mnasema aliye juu ashuke. Sisi kwetu walioshuka tulishawaona. Walishuka na bunduki na daftari la hesabu. Afadhali wangebaki juu."

Tulinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Hoja yake ilitulazimisha tufikiri upya. Kushuka peke yake hakutoshi. Mtalii hushuka Marolles, akala, akapiga picha, akapanda lifti. Mkoloni alishuka, akahesabu. Mhandisi naye hushuka akiwa na ramani iliyokwisha pigwa wino, akaitisha mkutano wa kijiji, akawaeleza watu mradi utapita wapi, kisha akaandika katika ripoti kwamba wananchi wameshirikishwa. Huyo amebadilisha mahali aliposimama tu. Moyoni bado yuko kilimani.

Basi tunaona kwamba kushuka kunakostahili jina hilo kuna alama moja ya kukutambulisha: unashuka mstari ukiwa bado wa penseli. Unauliza jambo ambalo hulijui jibu lake, na jibu ukilipewa lina uwezo wa kubadilisha mchoro. Kama hakuna jibu lolote ambalo bibi angeweza kulitoa likausogeza mstari hata mita moja, basi mazungumzo yale ni adabu tu, si haki. Na kama yapo majibu ya namna hiyo, basi wajibu wa kwenda kuyatafuta ni wa yule mwenye penseli. Haiwezekani awe wa yule mwenye mwembe, kwani yeye hajui hata kwamba mstari unachorwa. Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na wahenga, kwa heshima zote. Methali inampa subira aliye chini. Ni busara kwake, maana mara nyingi hana kingine. Lakini si ruhusa kwa aliye juu kuchelewa.

Ndugu wasomaji, ingekuwa rahisi tuishie hapo, tukiwanyooshea kidole wafalme, mahakimu na wahandisi. Lakini tukumbuke matembezi yetu yanaanzia wapi. Matongé iko mji wa juu. Na sisi tulioko ughaibuni, kila tunapoinua simu kupiga nyumbani, tuko kilimani. Tuna mshahara, na kule wana mahitaji. Kutoka huku tunaiona familia yote kwa pamoja: nani anafaa kusoma, nani mvivu, kiwanja kipi kiuzwe, mgonjwa apelekwe hospitali gani. Tunanyoosha mstari, tunatuma fedha, na asiyefuata tunamwita mjinga au mwizi. Ni kweli wapo wanaokula fedha za ujenzi, hilo hatulikatai. Lakini ni mara ngapi tumeuliza swali ambalo jibu lake lingebadilisha mpango wetu?

Sisi na ndugu zetu tulimjengea mama nyumba. Mchoro ulifanyika hapa Brussels, kwa kompyuta, na tuliuonea fahari: jiko la ndani lenye vigae, makabati ya ukutani, sinki mbili, dirisha linalotazama barabara. Mama alishukuru sana. Tulipokwenda likizo tukakuta jiko limejaa magunia ya mahindi, na mama anapika uani, kwenye mafiga, chini ya banda la makuti alilojengewa na kijana wa jirani. Tulikasirika kidogo, tukamwambia vigae vile vilikuwa ghali. Akasema, "Najua, wanangu, ndiyo maana siwachafulii." Hatukumwelewa. Tulidhani ni mazoea ya kizee.

Matembezi yetu humalizikia tulipoanzia. Kutoka Poelaert tunapita karibu na kasri la Egmont, ambamo tarehe 20 Juni 2022 familia ya Lumumba ilikabidhiwa jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, baada ya miaka 61. Tunafuata Boulevard de Waterloo na maduka yake ya bei mbaya, na tukiwa na njaa tunaingia tena Matongé kula.

Jumapili ile, baada ya maneno ya mzee wa Lubumbashi, mmoja wetu alitoka nje ya mkahawa akampigia mama simu. Hakuwa na habari wala fedha za kutuma. Alimwuliza swali moja: "Mama, lile jiko, wewe mwenyewe ungelitaka liwe wapi?"

Mama alicheka muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba uani anawaona wajukuu wakicheza, anawasikia wanaopita njiani, na jirani akiwa na shida anaweza kuingia bila kugonga mlango. Jiko la ndani linamfungia peke yake na moshi. Aliyasema yote hayo kwa dakika mbili. Halafu akauliza:

"Mbona umeuliza leo? Mimi nilikuwa nangoja siku nyingi."